Hodi ya Tatu

"Umenidanganya, fundi! Ulisema umemfuta!"

"Nimemfuta, Mama Tatu. Wewe ndiye unamrudisha."

"Mimi? Hata kuiwasha hiyo kompyuta sijui!"

Siku hizi kila kompyuta inatoka kiwandani na msaidizi wake, na msaidizi anaiga sauti ya mwenye mashine. Ukimfuta, mashine ikishika mtandao tu anaomba kujipakia upya. Mwenye hii alikuwa Mzee Chande, mume wa Mama Tatu, na tumeshamzika.

Nikamfuta tena, nikawasha mtandao, nikakaa mkekani nione anamrudishaje.

"Hodi," kompyuta ikasema. Chande mtupu, na kikohozi chake.

"Karibu," Mama Tatu akajibu huku anapepeta mchele, hata kichwa hakuinua.

Kiooni pakatokea: Ruhusa imepokelewa.

"Umeona? Hawezi kujipakia bila kukaribishwa. Hodi tatu bila jibu, anaondoka, harudi tena. Nyamaza tu."

"Ninyamaze? Hodi inapigwa nyumbani kwangu?"

"Unataka marehemu alale salama au hutaki?"

Nikamfuta.

"Hodi."

Mama Tatu akajiziba mdomo kwa khanga.

"Hodi."

Machozi yakamtoka, lakini hakujibu.

Ya tatu ikaja taratibu, kama ya mtu aliyechoka kusimama mlangoni. "Hodi wenyewe."

"Karibu."

Nilisema mimi. Mdomo ulitangulia.

"Ahsante, mwanangu," Chande akasema.

Mama Tatu akanitazama. Hakunitukana. Akaokota ungo wake, akanipa mgongo, akaenda jikoni.