Kioo cha Bafuni

Sheria ni moja kwa kila nyumba: hutoki mpaka kioo cha bafuni kikague macho yako, kijue kama ubongo umetikisika.

Jana mazoezini, golikipa Mwanaidi aligonga mlingoti kwa kichwa. Mumewe Shomari aliruka uzio kumkimbilia, akaanguka, uwanja mzima ukacheka. Leo ni fainali.

"Mnacheza na nani vile?" Shomari aliuliza, begi la mkewe begani.

"Na Mtwara, Baba Zawadi!"

Mwanaidi alikifuata kitone cha mwanga kwa macho, kushoto, kulia. Kioo kikawaka kijani. Akapiga vigelegele mpaka taulo likamdondoka.

"Zamu yako, upesi!"

Shomari akachungulia. Kioo kikawaka nyekundu.

"Kinanitania hiki," akacheka. "Twende bwana, tutachelewa. Mnacheza na nani vile?"