Kijiko cha Rosebella

"Fungua mdomo!" Rosebella aliamuru, akamsukumia Marvin kijiko cha uji hadi kooni. Mtoto alilia. Mama yake, Aketch, aligeukia ukuta wa mabati.

"Usinipe mgongo, Mama Marvin. Mama mwenye haya hangengoja jirani aje kumlishia mtoto."

Pale Mashimoni nani hakujua kisa chao? Rosebella ndiye aliyegawa unga wa bure wa kliniki, wa kuwanenepesha watoto waliokonda. Na Aketch, bila aibu, akawa anauuza kwa Mutunga wa chapati. Mwezi mzima! Mutunga mwenyewe ndiye aliyeropoka, akisifu unga ule ulivyokandika.

"Mkate, mandazi, uji wenu, vyote vinamharisha, madam," Aketch alijitetea. "Nikiuza unga napata visamaki vya omena, anakula na ugali."

"Ati omena!" Rosebella alicheka, na majirani mlangoni wakacheka naye. "Daktari wa omena ndiye huyu! Sasa kliniki ilijengwa ya nini?"

Kilichomchoma zaidi ni mizani. Mwezi huohuo wa wizi Marvin alikuwa ameongeza kilo, na Rosebella akajipiga kifua mbele ya kliniki nzima. Kumbe alichezewa! Lazima yule mwanamke alimfichia mtoto mawe kwenye nepi. Anayeuza uji wa mwanawe atashindwa na hilo?

Basi unga akauweka kwake. Asubuhi na jioni alifika na sufuria yake na kijiko chake, akahakikisha hakibaki kitu. Marvin akakonda upya. Tumbo likafura, miguu ikawa njiti.

"Mnaona?" Rosebella akawaambia majirani. "Nikitoka tu, anamnyima chakula." Akazidisha uji.

Siku Marvin alipolegea hata shingo, Rosebella mwenyewe aliwapeleka hospitali kubwa. Mtoto akalazwa. Daktari alipowaita baada ya wiki mbili, Rosebella ndiye aliyetangulia kuingia. Alikuwa na neno lake.

"Daktari, huyu mama ni mwizi. Aliuza chakula cha mtoto mgonjwa!"

"Chakula gani?"

"Unga wa kliniki. Mzuri kabisa, ngano na soya."

Daktari aliweka kalamu chini. "Tumempima matumbo. Ngano inayachubua, chakula kinapita tu bila kuingia mwilini. Tumemwachisha, na leo ameketi mwenyewe." Akamgeukia Aketch. "Huo unga uliuuza lini?"

"Mwezi ule alioongeza kilo."

"Sasa nani alimrudishia unga huo?"

Aketch alitazama tu mkoba wa Rosebella, ambamo mpini wa kijiko ulikuwa unachungulia.