Ufunguo wa Mnara wa Carvas

"Sipigi!" Belmiro, mpiga kengele, alifoka, akausokomeza ufunguo wa mnara wa kengele ndani ya koti. "Penedela iungue mpaka iishe!"

Nyuma ya mlima wa kaskazini, kilipo kijiji jirani cha Penedela, anga lilikuwa jekundu pyu. Kijiji kizima cha Carvas kilikuwa kimemiminika mbele ya kanisa, supu zimeachwa mezani, ndoo mikononi. Desturi ilikuwa moja: jirani akiungua, kengele hulia, na kila nyumba hutoa mtu na ndoo.

"Mzee Belmiro, kule kuna watoto," Gaspar mwoka mikate alimsihi.

"Na mimi nilipoungua? Nilivuta kamba ile kwa saa mbili nzima, viganja vikachubuka. Kutoka Souto nani alikuja? Nani?"

Wanakijiji walikuwa wameyasikia hayo kwa miaka miwili. Ghala lake lilipoteketea pamoja na maksai wawili, watu wa Souto, kijiji cha bondeni upande wa kusini, hawakutia mguu. Walidai upepo uliichukua sauti ya kengele. Upepo! Belmiro alitema mate. Custódia, binti yake wa pekee, aliyeolewa huko Souto, naye aliusingizia upepo huohuo. Tangu siku hiyo Belmiro hakumfungulia mlango, hata alipomleta mjukuu mchanga.

"Basi tupe ufunguo tupige wenyewe," Gaspar alisema.

"Njoo uuchukue kama wewe mwanamume!"

Gaspar akamwendea kweli. Wakakabana makoti, wanawake wakapiga kelele, ndoo ikapinduka.

"Acheni upuuzi, mtazame juu!" Mwalimu Eulália aliwakemea. "Nyota zinaonekana katikati ya huo wekundu. Moshi uko wapi? Mnasikia harufu yoyote?" Wakainua vichwa. Utepe wa kijani ulipita juu ya mlima, ukayeyuka. "Huo si moto. Ni mianga ya kaskazini, ile ya nchi za barafu. Leo imeteremka mpaka kwetu Ureno."

Watu walifanya ishara ya msalaba. Belmiro alinyoosha koti lake, akacheka kicheko kikavu.

"Mnaona? Ningewasikiliza, mngepanda mlima na ndoo kwenda kuzima nyota! Na hao wa Souto, nawaapia, wamejifunika mablanketi wanakoroma. Wangeona tunaungua sote, wangegeukia ukutani."

Hakuwa amemaliza kusema, ikasikika milio ya viatu vya mbao kwenye njia ya bondeni. Ilikuwa mingi, na ilikuwa ya watu wanaokimbia. Walitokea gizani wanaume kwa wanawake, wanahema, maji yamewalowesha mpaka magotini. Mbele yao alikuwa Custódia. Alitupa ndoo, akamshika babake mabega, akampapasa uso na mikono kama anayetafuta alipoungua. Alipomwona mzima, akamsukuma kwa nguvu zote.

"Tumeona anga limewaka juu yenu! Tumekimbia njia nzima nikijua umekufa!"

Belmiro aliushika ufunguo mfukoni.

"Kengele haikulia," alisema. "Nani aliwaita?"

"Hakuna aliyetuita, baba mkorofi we!" Custódia alilia kwa hasira. "Mara ile tuliingoja kengele. Tangu hapo hatungoji tena. Kila jioni kuna mtu wetu juu ya paa, anatazama upande wako."