Ua Lililoogopa Joto

Bi Shinuna alikichomoa cheti cha dawa kifuani, akamkabidhi mfamasia kwa mikono miwili. Nyumbani mumewe alikuwa akiugulia maumivu ya mgongo, na dawa kali kama ile haitolewi bila cheti cha karatasi maalumu.

Nasibu, yule mfamasia, alikigeuzageuza. "Bibi, hapa pembeni huwa pana ua jekundu siku zote, na hiki chako hakina. Vyeti vya kughushi ndivyo visivyo nalo."

"Ua lilikuwepo, mwanangu! Mume wangu alipoliona alinitania, eti daktari kaniandikia barua ya mapenzi."

Watu kwenye foleni wakacheka. Nasibu akakigusa tena kile cheti. Kilikuwa vuguvugu kama chapati.

"Ulikiweka wapi?"

Bi Shinuna akainamisha uso. "Kifuani. Kitu cha mume wangu ningekiweka wapi tena?"

"Ndiyo maana! Wino huu ukipata joto hutoweka, ukipoa hurudi. Umewekwa hivyo ili tuwatambue waongo."

"Kumbe bibi bado ana moto!" akadakia mama mmoja nyuma, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Nasibu akafungua friji ya dawa, akakishika cheti mbele ya ile baridi. Bi Shinuna akasogea, akachungulia. Pembe ya karatasi ilikuwa nyeupe, nyeupe kabisa. Kisha wekundu hafifu ukaanza kujitokeza, petali moja, na pengine ya pili.

Bi Shinuna akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga, pumzi yake isije ikalifikia.