Pole ya Bi Tausi

Kila ngumi aliyorusha, Bi Tausi aliifuatishia pole. "Pole, mwanangu," alimwambia Kocha Riziki, huku akihema na jasho likimtiririka hadi kwenye mikunjo ya tumbo. Wanafunzi wenzake wa mafunzo ya kujihami, wote wasichana wabichi, waliuma midomo wasicheke.

"Mama, hapa hakuna pole!" Kocha alifoka. "Mtu anataka kukuua, wewe unampa pole? Haya, nionyeshe. Huyo mume wako hukukabaje?"

Bi Tausi alivua mtandio, akaishika mikono ya Kocha na kuipandisha shingoni mwake mwenyewe. Akaisogeza juu kidogo, akakipachika kidole gumba pale penye kovu.

"Hapo," alisema taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Wasichana wakaacha kuuma midomo.

Kocha akakaba. Macho yakamtoka Bi Tausi, na mwili ukatulia kama ulivyozoea kutulia. Halafu kiwiko chake kikaruka chenyewe. Mfupa wa pua ya Kocha ukalia, damu ikatapakaa sakafuni.

Kocha alipiga magoti, ameishika pua yake, akiisubiri pole. Ukumbi mzima uliisubiri. Bi Tausi aliuokota mtandio, akajifuta jasho lake, akamwinua Kocha, kisha akairudisha shingoni mikono ile ile, sasa ikiteleza kwa damu.

"Kaza," alisema. "Yeye hukaza zaidi."