Kiti cha Nyuma

Machano alikalia pikipiki ile ndefu yenye usukani mpana, nyayo zake zikatua chini bila taabu. Bei yake haikuuma. Ingempeleka kazini kila siku na kumpeleka mkewe sokoni, kama alivyomwahidi.

"Imekukaa, kaka," muuzaji alimsifu.

Mkewe, Mize, alikuja na kapu la ukindu na mpira wa kufungia mizigo. Aliizunguka pikipiki akitafuta keria, hakuiona. Nyuma ya dereva palikuwa na kipande cha ngozi chembamba, kimeinama kama paa la nyumba. Akajaribu kukaa upande, kama wakaavyo wanawake wenye buibui. Akateleza, akadaka bega la mumewe asianguke.

Muuzaji alitazama pembeni. "Hii, shemeji, wengi huinunua kabla hawajaoa."

Masikio ya Machano yaliwaka. Tangu afike dukani alikuwa akijitazama katika vioo vya pikipiki ile, na hata mara moja hakutazama nyuma ya mgongo wake.

"Aa, mie hata sipandi pikipiki," Mize alimwambia muuzaji, akicheka. "Nimezoea kutembea. Mpe hiyo hiyo."

Muuzaji akanyoosha ufunguo. Machano hakuupokea, wala hakuweza kugeuka. Katika kioo cha kushoto alimwona Mize akiuzungusha mpira kwenye kapu tupu, akaukaza, akaufunga fundo, kisha akajitwika kapu kichwani.