Maji ya Chupa

Kikomo cha sumu kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu moja kwa lita. Mashine ya maabara yetu ilisoma kumi na nne. Nikarudia kupima, ikasoma kumi na nne na nusu.

Ni maji ya bwawa linalolisha mabomba yetu, yaliyogeuka kijani tangu wiki iliyopita. Ule ukijani ni bakteria wenye sumu. Moto unawapasua, sumu inamwagika, na yenyewe haifi hata ukichemsha kutwa.

Na mimi ndiye niliyebandika tangazo mtaani: chemsheni maji. Ndivyo tulivyozoea kusema, kila maji yakichafuka.

Nilimpigia mama mkwe, anayenilelea binti yangu wa miezi saba. Glavu ilikuwa imejaa jasho, simu ikateleza mara mbili.

"Mama, maji ya bomba msiyatumie."

"Nimeyachemsha mpaka mfuniko unaruka. Si ulisema mwenyewe?"

"Nilikosea. Kuchemsha kunazidisha."

"Makubwa! Juzi kuchemsha dawa, leo sumu. Hiyo diploma yako nayo!"

"Mama, mtoto amepewa maziwa ya unga?"

"Ndiyo ananyonya chupa hapa, ametulia kama bibi harusi."

"Mnyang'anye."

"Eti?"

"Mnyang'anye sasa hivi!"

Kilio cha mtoto kikanipasua sikio. Sijawahi kukifurahia kilio kama kile.

"Haya, nimemnyang'anya," alisema, na sasa sauti yake haikuwa na utani. "Anatapika tangu asubuhi. Nilidhani ni meno."